Farasi wa Mbio, Punda wa Maji na Mguu Uliovunjika



Tukitembelea vikundi vya hapa Kalimoni na kando kando yake, swali moja limerudi sana: punda akivunjika mguu, ni lazima auawe? Wengine wamesikia kwamba farasi wa mashindano, kama wale wa uwanja wa Ngong Road, Nairobi, ambako mbio zimefanyika tangu mwaka 1954, huweza kupasuliwa, wakawekwa vyuma na kurudi kukimbia. Basi wanauliza, na huyu wetu je? Swali ni la haki. Punda ndiye analeta maji, ndiye anavuta mkokoteni wa mawe kutoka timboni, na karo inatoka mgongoni mwake. Tena tangu machinjio ya punda yaanze kufunguliwa nchini mwaka 2016, bei yake ilipanda. Kikundi hakinunui mwingine kwa mchango wa wiki moja.

Tuanze na mfupa wenyewe. Mtu akivunjika mguu hulazwa kitandani, mguu ukapumzika. Farasi hawezi. Ana uzito wa kilo 450 hadi 500, na akilala siku nyingi uzito huo unabana misuli na mapafu yake mwenyewe. Kwa hivyo ni lazima asimame juu ya mguu uleule unaotibiwa. Halafu mshike punda wako mguu chini ya goti. Utagusa ngozi, kano na mfupa, nyama hakuna. Nyama ndiyo huleta damu nyingi ya kuponya, na ndiyo hukinga. Mfupa ukikatika hapo, ncha yake inatoboa ngozi upesi, uchafu unaingia, na mfupa ukishatunga usaha hata hospitali kubwa hushindwa.

Sasa daktari wa upasuaji anafanya nini? Anapiga picha ya eksirei, anamlaza farasi kwa dawa ya usingizi, anarudisha vipande mahali pake na kuvibana kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Farasi wa mbio hupasuka sana kwenye mwisho wa chini wa ule mfupa mrefu ulio chini ya goti, pale unapokutana na kifundo. Kama vipande havijaachana, skrubu mbili tatu zinatosha, zikipitishwa kwenye matundu madogo ya ngozi, na wengi hurudi uwanjani baada ya miezi kadhaa. Hao ndio mnaosikia habari zao. Mfupa uliosagika ni mambo mengine kabisa. Huo hutiwa bamba la chuma na skrubu nyingi, na hapo kazi ndiyo imeanza.

Tutoe mifano miwili ya Marekani, ambako wenye farasi hao hawakukosa pesa. Tarehe 6 Julai 1975 farasi jike aitwaye Ruffian alivunjika mguu wa mbele akikimbia huko New York. Alipasuliwa usiku uleule. Alipozinduka alianza kurusha miguu kana kwamba bado anakimbia, akajiumiza upya, ikabidi auawe. Baadaye madaktari walitafuta njia za kumzindua farasi kwa utulivu, nyingine ndani ya bwawa la maji. Farasi Barbaro, aliyevunjika mguu wa nyuma wa kulia tarehe 20 Mei 2006, alizinduka hivyo. Mfupa wake ulikuwa vipande zaidi ya ishirini. Ulifungwa kwa bamba na skrubu 27, na ukaanza kupona. Kilichomshinda ni mguu mzima! Kwa kuubebesha uzito wa mwenzake, ukwato wa kushoto uliwaka ndani na kuachana na mfupa. Aliuawa Januari 29, 2007, baada ya miezi minane ya matibabu.

Turudi kwa punda. Yeye ana nafuu fulani: mara nyingi hazidi kilo 200, na ana utulivu, hivyo anavumilia plasta kuliko farasi. Sisi tunasema wazi kwamba upasuaji wa bamba na skrubu si wa mfuko wa kikundi, na msikope kwa ajili yake. Lakini punda mchanga au mwepesi, aliyevunjika chini ya goti, ngozi ikiwa haijatoboka, anaweza kupona kwa plasta ya wiki sita hadi nane au zaidi, daktari akiibadilisha. Aliyevunjika juu ya goti na ni mkubwa, au mfupa umetoka nje, mwacheni daktari wa mifugo amlaze kwa dawa siku hiyo hiyo. Kumwacha barabarani "tuone kesho" ni kumtesa. Na yule anayechechemea msimrudishe mkokotenini. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, inamhesabu mwenye kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kuwa amekosa.

Msidanganyike na unyamavu wake. Punda huficha maumivu. Anasimama tu, masikio chini. Mfungueni mzigo hapo hapo, wala msimlazimishe kutembea. Mguu uliovunjika chini ya goti uzungushieni pamba au matambara safi mengi, halafu fungeni mbao mbili, au bomba la maji la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, kuanzia ukwatoni mpaka juu ya goti. Banzi linaloishia katikati ya mfupa linaongeza mvunjiko. Kama ni juu ya goti, msifunge kitu. Banzi la chini litaning'inia na kuvuta.

Mpigieni afisa wa mifugo wa kaunti, au kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete. Kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita 30, na pikap inahitajika, kwa hivyo kikundi kiamue mapema ni nani atalipia gari. Akiumia mguu wa mbele, apakiwe akitazama nyuma. Akiumia wa nyuma, atazame mbele, ili breki zikishikwa uzito uende kwenye miguu mizima. Na mpakieni na mwenzake waliyezoeana. Punda aliyetengwa huacha kula, na asipokula siku chache mafuta ya mwilini mwake huingia kwenye damu na kumuua, hata kama plasta imefungwa vizuri.