Istilahi za Reli ya Mfano: Skeli, Geji na Panda

Msomaji huenda akashangaa kuona kurasa za istilahi zikijishughulisha na mchezo wa kujenga reli nyumbani. Lakini mtu anayejenga reli juu ya meza hulazimika kukitaja kila kitu ambacho abiria hukipita bila kukitazama: taruma, kokoto, ishara, breki. Tena neno likipotoka, chuma hukatwa vibaya. Kwa hiyo shughuli hii ni kipimo kizuri cha istilahi zetu za reli, hasa katika nyanda za kati, ambako tangu mwaka 2024 reli mbili zenye upana tofauti zinafika Dodoma.

Kwanza, jina la shughuli yenyewe. "Sanamu ya reli" halifai, kwani sanamu haitembei. "Kifani" limewahi kuwavutia baadhi ya wafasiri. Bahati mbaya, sikio la Mswahili hulisikia zaidi katika "isiyo na kifani". Viambishi vya udogo navyo (kijireli, kigari) vina harufu ya dharau. Twapendekeza "reli ya mfano", ingawa "mfano" lina kazi nyingine nyingi. Muktadha utatosha kuondoa utata.

Ugumu hasa umo katika skeli na geji, maneno ambayo huchanganywa hata na watu waliosoma. Skeli ni uwiano kati ya kitu halisi na mfano wake, kama ilivyo katika ramani. "Mizani" tuiache palepale ilipo, dukani na barabarani penye kupimia malori. Geji ni nafasi iliyopo kati ya nyuso za ndani za reli mbili. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, ina geji ya milimita 1,000. Reli mpya inayotumia umeme ina geji ya milimita 1,435. Katika skeli ya 1:87, ambayo ni maarufu sana miongoni mwa wajenzi wa reli za mfano, hiyo mpya huwa milimita 16.5, na ile ya zamani milimita 11.5, watengenezaji huuza njia ya milimita 12. Basi skeli ni moja, geji ni mbili. Anayeagiza "njia ya 1:87" bila kutaja geji aweza kuletewa njia ambayo mabehewa yake hayawezi kuikanyaga.

Kosa hilo mezani ni hasara ndogo. Katika hati ya zabuni si dogo. Jina "reli ya kisasa" linapendeza katika hotuba, lakini halitaji upana wowote. Linataja umri tu, na umri hupita. Mtumishi anayeandaa mkataba na aandike "geji sanifu, milimita 1,435", na ile nyingine "geji ya mita".

Neno "reli" nalo limebebeshwa mzigo mkubwa: ni chuma, ni njia, ni shirika. Katika maelekezo ya ujenzi, "reli" na ibaki chuma, na "njia ya reli" iwe reli mbili pamoja na mataruma na kokoto zake. Hapo "kata reli" na "kata njia" zitakuwa amri mbili tofauti, kama inavyotakiwa.

"Kichwa cha treni" ni neno la watu, nalo ni bora kuliko "injini". Injini ni mtambo uliomo ndani ya kichwa, na katika reli ya mfano haimo kabisa. Mna mota ndogo ya umeme. "Garimoshi" tusiliue kwa sababu moshi umekwisha.

Mandhari hayana shida nyingi ya maneno. Mbuyu wa mita 15 huwa sentimita 17, na mtu hafiki sentimita mbili. Udongo mwekundu wa Dodoma ukichekechwa hufaa, ila upitishiwe sumaku kwanza: chembe za chuma huingia katika mota na kuiharibu. Kazi ya kulipaka behewa vumbi na kutu lionekane limetumika tungeiita "kuzeesha". "Kuchakaza" ni kuharibu.

Limebaki lile pande la njia linaloligawa treni kushoto au kulia. Twapendekeza "panda", kama panda ya manati au njia panda. Hata hivyo, mafundi wa njia huenda wana neno lao la siku nyingi, na hilo ndilo lingestahili kutangulia. Wasomaji walioko Gulwe, Bahi, Saranda na Manyoni watuandikie jinsi linavyotamkwa kazini.