Mkalimani kati ya redio na kompyuta: Kazi ya wanaojitolea isiyoonekana

MJI wa Awendo, kaunti ya Migori, unajulikana kote nchini kwa miwa na kiwanda cha sukari cha Sony. Kwa wapenzi wa redio duniani, mahali hapo pana jina jingine kabisa: KI79. Hilo ni jina la mraba mmoja katika ramani wanayoitumia kuugawa uso wa dunia, ramani isiyojali mipaka ya kaunti wala ya nchi. Mraba huo una upana wa takriban kilomita 222 na kimo cha kilomita 111, na ndani yake mna Kisumu, Homa Bay, Kisii na Kericho pia. Msafiri atokaye Awendo kwa barabara kuu ya kuelekea Isebania huutoka bila kujua, kwani kabla ya kufika mjini Migori huwa ameuvuka mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta.

Majina ya namna hiyo hupeperushwa hewani mchana na usiku. Mwenye redio hutaja jina lake la kituo na mraba aliomo, na mwingine aliye Japan au Brazil humjibu kwa namna hiyo hiyo. Siku hizi, aghalabu, hakuna anayezungumza. Kompyuta ndiyo inayotuma, ndiyo inayosikiliza, na ndiyo inayoiamuru redio ihamie masafa gani. Katikati ya vyombo hivyo viwili kuna mkalimani ambaye wengi wanaomtumia hawamjui hata kwa jina. Anaitwa Hamlib, na anatunzwa na watu wachache wasiolipwa hata senti.

Redio ya ridhaa si kituo cha utangazaji. Haina muziki wala matangazo ya biashara, na sheria za kimataifa zinakataza kuitumia kwa kuchuma fedha. Ni huduma inayotambuliwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, kwa madhumuni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya utafiti wa kiufundi. Nchini Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, nao wanaredio wana chama chao, kinachojulikana kwa kifupi kama ARSK. Majina ya vituo vya Kenya huanza kwa 5Y au 5Z. Enzi za ukoloni yalianza kwa VQ4. Wasomaji wa umri mkubwa watakumbuka redio ya upepo iliyotumiwa na hospitali za misheni kuwaita madaktari wa ndege wa AMREF, zama ambazo simu ilikuwa anasa. Redio ya ridhaa ni jamaa wa karibu wa chombo hicho. Tofauti ni kwamba mwenyewe huimiliki, huifungua, huitengeneza na huijaribu kwa mapenzi yake.

Zamani mwanaredio alizungusha kitufe kwa mkono hadi apate masafa aliyoyataka. Mitambo ya miaka ya karibuni huunganishwa na kompyuta kwa waya, na amri zikapita humo. Tatizo ni kwamba kila kampuni ilibuni lugha yake. Tuseme kompyuta inataka redio ihamie megahezi 14.074, masafa yenye msongamano mkubwa kuliko mengi. Redio ya Kenwood hutarajia herufi FA, kisha tarakimu 11, kisha alama ya nuktamkato: FA00014074000; na basi. Baadhi ya mitambo ya Yaesu hutaka herufi hizo hizo, lakini tarakimu ziwe 9. Ukizidisha sufuri mbili, mtambo hauikubali amri. Icom nayo imekwenda njia yake kabisa. Haitumii herufi bali namba tupu, hutanguliza anwani ya mtambo unaoitwa, na huyaandika masafa kinyumenyume, jozi kwa jozi, kuanzia mwisho: 00 40 07 14 00. Kampuni zote tatu ni za Japan, na bado hazielewani.

Hata ndani ya kampuni moja mambo hayalingani. Modeli ya mwaka huu huongezewa amri ambayo ile ya juzi haiijui, na nyingine hujibu polepole kiasi kwamba kompyuta hudhani imezimwa. Mtu anayeandika programu ya redio angelazimika kujifunza lugha hizi zote kabla ya kuanza kazi aliyokusudia. Angezeeka kwenye sarufi.

Hapo ndipo Hamlib ilipoingia. Mradi huo ulianzishwa mwaka wa 2000 na wanaredio wawili, Frank Singleton na Stephane Fillod, na baada ya hapo ukapita mikononi mwa wengine, akiwemo Mmarekani Nate Bargmann aliyeushika kwa miaka mingi. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza, gumu kulitekeleza. Mwandishi wa programu aseme kwa lugha moja tu, “nenda 14074000”, na Hamlib ijue yenyewe kama upande wa pili kuna Kenwood, Yaesu au Icom, na itafsiri ipasavyo. Leo inafahamu modeli zaidi ya 200. Inatafsiri pia amri za mitambo inayozungusha antena, ile inayoielekeza kule mawasiliano yanakotoka au kuifuata satelaiti inapovuka anga.

Hamlib ni programu huria. Maana yake si kwamba haiuzwi tu. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, mradi naye asiwafungie wengine mlango huo. Kwa sababu hiyo waandishi wengine wameijenga ndani ya programu zao. Mojawapo ni WSJT-X, iliyoasisiwa na Joseph Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua nyota pacha za aina ya palsa. Profesa huyo, mwanaredio tangu ujanani, aliuhamishia katika redio ya ridhaa ujuzi wa kunasa mawimbi hafifu mno. Mwaka wa 2017 yeye na mwenzake Steve Franke walitoa mtindo wa mawasiliano uitwao FT8, ambao ujumbe wake mmoja huingia katika nafasi ya sekunde 15 na husomeka hata pale sikio la binadamu lisiposikia chochote isipokuwa mvumo. Wati chache na waya uliotundikwa kati ya miti miwili hutosha kuvuka bahari, anga ikikubali. Anga karibu na ikweta, bahati nzuri, hukubali mara nyingi.

Mtumiaji wa WSJT-X hubonyeza orodha, huchagua jina la redio yake, na mambo huenda. Haoni mkalimani. Humkumbuka siku tafsiri inapokosewa tu, na makosa ya namna hii si ya kuchekesha. Miongoni mwa amri zinazopitia Hamlib ni ile ya kuiwasha redio itume na ya kuizima isitume. Amri ya kuzima ikipotea njiani, mtambo hubaki ukituma bila kukoma, hupata moto, na kipaza nguvu chake kinaweza kuungua. Kwa mtu aliyedunduliza miaka miwili kununua redio iliyotumika, hasara hiyo haina fidia. Antena nayo ikizungushwa kupita kikomo chake huinyonga nyaya zake yenyewe hadi zikatike. Ndiyo maana watunzaji wa programu hii husita kubadilisha mstari mmoja wa msimbo bila kuujaribu.

Lakini wataujaribu kwa nini? Huu ndio ugumu ambao watu wa nje hawauoni. Mtunzaji aliye Marekani au Ufaransa ana redio mbili, pengine tatu, mezani pake, ilhali msimbo anaoubeba unahusu mamia. Nyingine ziliacha kutengenezwa miaka ya 1990, na kitabu chake cha maelezo kina makosa ya uchapaji ambayo hakuna aliyebaki kiwandani kuyasahihisha. Njia iliyopo ni moja: mwenye redio hiyo, popote alipo, aeleze kilichotokea, atume kumbukumbu ya amri na majibu, apokee marekebisho, ajaribu tena. Huenda kazi hiyo ikachukua jioni nne kwa ajili ya modeli ambayo wanaoimiliki hawajai matatu. Waluo wana desturi waiitayo saga, ambapo majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja wao. Hapa shamba ni moja, ila majirani hawajawahi kuonana.

Idadi ya wanaoshika jembe, hata hivyo, ni ndogo mno ikilinganishwa na wanaokula mavuno. Desemba 2021 alifariki ghafla Bill Somerville wa Uingereza, aliyekuwa mmoja wa nguzo za WSJT-X na mchangiaji wa Hamlib vilevile. Wenzake waliendelea, na programu haikusimama. Lakini ilidhihirika jinsi maarifa mengi yanavyoweza kukaa katika kichwa cha mtu mmoja: kwa nini mstari fulani umeandikwa vile, redio gani huudhika usipoisubiri nukta kadhaa, kasoro ipi ilitatuliwa na kwa sababu gani. Kampuni ingeajiri mtu mwingine. Mradi wa kujitolea hungoja ajitokeze.

Na hilo lina uzito gani katika eneo la Awendo? Uko, na si mdogo. Mto Kuja hufurika mara kwa mara katika nyanda za Nyatike, magharibi mwa kaunti hiyo hiyo. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilileta maafa katika sehemu nyingi za nchi. Mwezi huo wa Mei, na kwa sababu tofauti kabisa, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika, na Afrika Mashariki ikapata mtandao wa kusuasua kwa siku kadhaa. Redio ya masafa mafupi haihitaji mnara wala waya wa baharini. Betri ya gari na paneli ya jua huiendesha. Ipo pia programu huria iitwayo Pat, inayotuma barua pepe kupitia redio, ambayo huweza kumtumia mkalimani huyo huyo, Hamlib, kuiongoza redio. Tangu mkutano wa dunia wa ITU wa mwaka wa 2003, kanuni za kimataifa zinaruhusu vituo vya ridhaa kupeleka ujumbe wa watu wengine wakati wa maafa.

Jambo hili lisitiwe chumvi. Wanaredio wenye leseni nchini Kenya ni wachache, na redio moja haiwezi kuchukua nafasi ya simu za maelfu. Pia haifai mtu kununua mtambo na kuanza kutuma kwa kuwa mvua imenyesha: bila leseni ni kosa, na bila mazoezi ni kelele. Faida ya redio ya ridhaa huonekana pale penye watu waliokwisha kuizoea siku za kawaida, wanaojua saa zipi masafa yapi hufunguka, na ambao vyombo vyao vinaelewana na kompyuta zao kabla maji hayajafika mlangoni.

Vyombo vyenyewe, katika sehemu hizi za dunia, mara nyingi huwa vikuukuu. Redio mpya pamoja na ushuru wake ni ghali kuliko mishahara mingi ya mwezi, hivyo wengi huridhika na mtambo uliopitia mikono miwili au mitatu. Mitambo ya aina hiyo ndiyo ambayo programu za kuuzwa huiacha kwanza, kwa sababu haileti mnunuzi mpya. Hamlib haina wa kumuuzia, kwa hiyo haina haraka ya kuitupa. Modeli ya miaka 30 iliyopita hubaki kwenye orodha maadamu kuna mtu wa kusema kwamba bado inafanya kazi.

Orodha hiyo ina safu moja inayofaa kusomwa kwa makini. Kila modeli imewekewa alama ya hali yake: imara, ya majaribio ya pili, ya majaribio ya kwanza, au haijajaribiwa kabisa. Alama ya mwisho haimaanishi kwamba tafsiri ni mbovu. Humaanisha kwamba mtu aliiandika kwa kufuata kitabu, na hakuna mwenye mtambo huo aliyewahi kuleta habari. Kuiondoa hakuhitaji shahada ya uhandisi wala ujuzi wa kuandika msimbo. Panatakiwa redio yenyewe, waya wake, kompyuta hata ya zamani, na subira ya kuamuru masafa yapande na kushuka, aina ya mawasiliano ibadilike, redio itume na iache, huku kila jibu likiandikwa. Majibu hayo yakitumwa kutoka KI79, hupokewa sawa na yaliyotoka Tokyo.