Sayansi ya mtaani: Mshumaa, kabichi na kopo la soda vilipogeuza paa la ploti kuwa maabara

NI Jumamosi alasiri juu ya paa la ploti moja mtaani Umoja. Nguo zimeanikwa, tangi la maji linadondoka polepole, na muziki wa matatu unapanda kutoka barabarani. Katikati ya kamba za nguo, watoto watano wa majirani wamechuchumaa kuzunguka sahani yenye maji, mshumaa na chupa tupu ya jemu.

"Nikiufunika huu mshumaa na chupa, nini kitafanyika?" nawauliza.

"Utazima, anko!"

"Na maji je?"

Kimya kidogo. Kisha msichana wa Gredi ya Nane, yule anayependa kubisha, anajibu haraka: "Yatapanda ndani ya chupa hadi sehemu moja kwa tano, kwa sababu oksijeni imetumika. Tuliandika kwa daftari."

Nacheka, kwa sababu hata mimi niliandika hivyo hivyo. Nilisomea sekondari hapa hapa Eastlands, na majaribio mengi ya sayansi niliyaona ubaoni, yamechorwa kwa chaki. Bureti ya kwanza niliishika nikiwa Kidato cha Nne, wiki chache kabla ya KCSE, tena tulikuwa wanne tukigawana moja. Na ukumbuke karatasi ya tatu ya Kemia ni ya vitendo vitupu, alama 40. Ya Fizikia pia ni alama 40. Huwezi kukariri jinsi ya kushika kifaa ambacho hujawahi kukiona.

Leo mambo yamefika mapema zaidi. Tangu Januari 2023, wanafunzi wa sekondari msingi (JSS) husomea kwenye shule za msingi, na nyingi za shule hizo zilijengwa bila maabara. Ndani yake wanafunzwa sayansi, na wakimaliza Gredi ya Tisa wanatakiwa kuchagua njia ya masomo, mojawapo ikiwa STEM. Sasa mtoto ambaye hajawahi kuona sayansi ikitendeka mbele ya macho yake, atajuaje kama anaipenda?

Ndiyo maana tuko juu ya paa.

Daftari lapingwa na mshumaa

Nimeusimamisha mshumaa katikati ya sahani, nikamwaga maji kiasi cha vidole viwili, kisha nikauwasha. "Msiangalie moto peke yake," nawaambia. "Angalieni mdomo wa chupa pia, na mniambie maji yamepanda saa ngapi."

Nafunika. Mwanzoni viputo viwili vitatu vinatoka chini ya mdomo wa chupa. Moto unafifia, unakuwa mdogo, unazima. Halafu ndipo maji yanapanda, tena kwa kasi.

"Wacha! Yamepanda baada ya kuzima," msichana yule anasema, mwenyewe akishangaa.

Hapo ndipo penye utamu. Kama maji yangepanda kwa sababu oksijeni inaliwa na moto, yangepanda polepole muda wote mshumaa ukiwaka. Hayakufanya hivyo. Tunarudia, safari hii na mishumaa mitatu iliyobanana chini ya chupa ile ile. Oksijeni ndani ya chupa haijaongezeka. Lakini maji yanapanda juu zaidi ya mara ya kwanza.

Maelezo ni haya. Moto huipasha hewa joto, nayo hewa ikipata joto hutanuka. Nyingine hutoroka, na hivyo ndivyo vile viputo. Moto ukizima, hewa iliyobaki inapoa na kujikunja, na mvuke uliotokana na moto unageuka kuwa maji. Ndani panabaki msukumo mdogo, hewa ya nje inayasukuma maji yaingie. Mishumaa mitatu ina joto zaidi, kwa hivyo hewa nyingi zaidi hutoroka.

Ni kweli kwamba oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, na ni kweli kwamba moto huitumia. Lakini moto huo huo hutoa kaboni dioksidi inayochukua sehemu ya nafasi hiyo, na mshumaa huzima kabla oksijeni yote haijaisha. Hiyo "moja kwa tano" ilikuwa nambari sahihi kwenye maelezo yasiyo sahihi.

"Kwa hivyo mwalimu alitudanganya?" anauliza kijana mmoja, macho yakimng'aa kama aliyepata udaku.

Hapana. Alifunzwa hivyo, kama mimi. Kosa hilo limezunguka madaftarini miaka mingi, kwa sababu wengi wetu tulinakili jibu bila kuwasha mshumaa.

Mshumaa si kitu kidogo. Mwaka wa 1860, mwanasayansi Michael Faraday alianza mfululizo wa mihadhara sita jijini London kwa ajili ya vijana, yote kuhusu mshumaa mmoja tu. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi. Hakusoma sana shuleni, na akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Vitabu alivyokuwa akivishona ndivyo alivyovisoma. Kijana kama huyo ukimtafuta leo unaweza kumpata Kamukunji au Gikomba.

Kabichi inayobadilisha rangi

Kwa kemia tunahitaji kabichi ya zambarau. Mama mboga wengi hawaiweki, lakini sokoni au supamaketi hukosi. Tunaikata vipande vidogo, tunaimwagia maji moto, tunasubiri dakika kumi, tunachuja. Tunapata maji ya zambarau yaliyokolea, na hayo ndiyo kiashiria chetu cha asidi na alkali.

Tumepanga glasi tano. Moja ina maji ya limau, ya pili siki, ya tatu maji ya kawaida, ya nne magadi yaliyoyeyushwa, ya tano maji ya majivu yaliyochujwa. Kabla sijamwaga chochote kila mtoto anaandika anachodhani. Hiyo ndiyo sheria ya paa letu: bashiri kwanza, tazama, kisha bisha.

Limau na siki zinageuza rangi kuwa waridi. Maji ya kawaida yanabaki zambarau. Magadi na majivu yanaleta buluu na kijani.

"Lakini majivu si magadi," anapinga mmoja.

Ni kweli. Magadi yanatoka Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado, na sehemu yake kubwa ni kaboneti ya sodiamu. Majivu ya mimea yana kaboneti ya potasiamu. Ni vitu viwili tofauti, lakini vyote ni alkali. Nyanya zetu walilijua hilo bila kiashiria. Kule magharibi mwa Kenya, maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ndiyo yanayolainisha mboga za kienyeji, na mjini magadi yanafanya kazi ile ile kwenye mrenda na kunde.

Mwishowe tunamwaga maji ya limau ndani ya glasi ya magadi, kidogo kidogo. Yanachemka kwa povu, kwa sababu kaboni dioksidi inatoka, na rangi inarudi nyuma: kijani, buluu, hadi zambarau. Asidi na alkali zimemalizana. Hakuna aliyehitaji kukariri.

Hewa iliyo na misuli

Jaribio la tatu linataka glasi na kipande cha jalada gumu la daftari. Jaza glasi maji hadi pomoni, funika na jalada, shikilia, pindua, kisha uachilie jalada polepole. Fanya juu ya beseni, maana mara ya kwanza huwa mtu analowa. (Tulilowa.)

Ukipata, maji hayamwagiki. Hewa ya chini inalisukuma jalada juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa hewa inasukuma kila sentimita moja ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa gramu 850. Mdomo wa glasi ya kawaida una zaidi ya sentimita 30 za mraba. Piga hesabu: ni zaidi ya kilo 25 za msukumo, dhidi ya maji yasiyofika nusu kilo.

Mombasa msukumo huo ni mkubwa zaidi, karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Ndiyo sababu maji ya Mombasa huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na ya Nairobi huchemka mapema, karibu nyuzi 94 au 95. Githeri yako inachelewa kuiva kwa sababu sufuria inachemka bila kufika joto la pwani. Ukiifunika ndani ya presha kuka, unaurudisha msukumo ulioukosa.

Kopo la soda ndilo lililopigiwa makofi zaidi. Tia vijiko viwili vya maji ndani ya kopo tupu, liweke juu ya jiko hadi mvuke utoke kwa nguvu kama dakika moja, kisha mtu mzima alishike kwa koleo na kulipindua ghafla, mdomo chini, ndani ya beseni la maji baridi. Pwaa! Kopo linajikunja kama karatasi. Mvuke ulikuwa umefukuza hewa ndani. Ukapoa, ukawa maji, ndani pakabaki karibu patupu, na hewa ya nje ikalibonyeza.

Fundi alikuwa anajua

Watoto wa Eastlands hawajaanzia sufuri. Wale mafundi wa Shauri Moyo waliozoea kugonga bati walikuwa miongoni mwa waliolisambaza jiko la kauri tangu miaka ya mwanzo ya 1980. Siri yake ni udongo ulio ndani ya bati, unaozuia joto lisipotelee pembeni. Hiyo ni fizikia ya vipitishi na vihami. Fundi anaijua kwa mikono, mwanafunzi anaijua kwa maneno. Wanachokosa ni kukutana.

Walimu nao wamejaribu. Mwaka wa 1998, serikali ya Kenya na Japan zilianzisha mradi wa SMASSE, uliowahimiza walimu wa hesabu na sayansi watumie vitendo na kubuni vifaa kutokana na vitu vilivyo karibu. Mwaka wa 2019, Peter Tabichi, mwalimu wa hesabu na fizikia wa Shule ya Sekondari ya Keriko kaunti ya Nakuru, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu.

Hatusemi maabara haihitajiki. Kabichi haiwezi kuwa bureti, na serikali inadaiwa maabara. Lakini gredi hazimsubiri mkandarasi.

Mipaka ya paa

Sasa sikiza vizuri, hasa wewe unayeishi bedsita ya dirisha moja. Usichanganye jiki na asidi ya kusafishia choo, wala na siki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, gesi iliyotumika kuua wanajeshi mwaka wa 1915 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Usiguse maji ya betri ya gari. Petroli na mafuta taa si vifaa vya majaribio. Ukitumia moto, awepo mtu mzima na ndoo ya maji, na nguo zilizoanikwa zisogezwe mbali. Tena usionje kitu ulichochanganya, hata kama kina limau.

Jua linapoanza kuzama upande wa tao, akina mama wanaanza kuita watoto. Msichana wa Gredi ya Nane anaomba vipande vitatu vya mishumaa iliyobaki.

"Unataka kufanya nini?"

"Jumatatu nataka kumuonyesha mwalimu. Sitambishia, anko. Nitamwambia tu abashiri kwanza."

Nawe uliyesoma hadi hapa, chukua yai bichi, glasi ya maji na chumvi ya jikoni. Andika kwanza: yai litazama au litaelea, na ni vijiko vingapi vya chumvi vitalifanya libadilishe nia? Kisha ujaribu. Ukikosea, umejifunza kitu. Ukipatia, eleza ni kwa nini.