Mtoto Anapoomba Ruhusa ya Kwenda Chooni Darasani: Wajibu wa Mwalimu na Mzazi

Sifa zote njema zinamstahikia Allaah, Mola wa walimwengu wote, na Rehema na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Ama ba'ad. Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa wazazi wa Unguja na Pemba, kuna moja linalorudi kila skuli zinapofunguliwa. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili anarudi nyumbani nguo imerowa, na akiulizwa anasema aliomba ruhusa akaambiwa akae. Mwengine hajikojolei, lakini hagusi maji tangu asubuhi mpaka adhuhuri ili asije akalazimika kuomba. Walimu na maustadhi nao wana lao: darasa lina watoto wengi, akitoka mmoja wanafuata kumi, na somo linapotea.

Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa. Jibu letu kwa ufupi ni hili: haja ya mtoto ni haki yake, na kazi ya mwalimu ni kuipangia utaratibu, si kuizuia. Ufafanuzi ni huu ufuatao.

Mwili wa mtoto si mwili wa mtu mzima

Madaktari hukadiria ujazo wa kibofu cha mtoto kwa hesabu nyepesi: chukua umri wake, ongeza 2, kisha zidisha kwa 30. Mtoto wa miaka 7 kibofu chake hubeba kiasi cha mililita 270, yaani hakifiki hata chupa moja ya soda ya mililita 350. Kwa kawaida mtoto huenda haja ndogo mara 4 hadi 7 kwa siku, sawa na kila baada ya saa mbili au tatu anapokuwa macho. Tena mtoto mdogo akishughulika na mchezo au maandishi huchelewa kuhisi. Anapokunyanyulia mkono, mara nyingi ameshafika mwisho.

Akizoea kujizuia, madhara hujilimbikiza. Mkojo unaokaa sana huwapa vijidudu nafasi ya kuzaliana, na mtoto wa kike huathirika zaidi kwa sababu mrija wake wa mkojo ni mfupi. Anayejizuia haja kubwa hupata choo kigumu, na choo kigumu kikijaa hukandamiza kibofu, ndipo mtoto aliyekuwa ameshaacha kujikojolea anaanza tena. Mzazi hudhani ni uvivu, kumbe chanzo kipo darasani.

Sheria inasemaje?

Imethibiti katika Swahiyh Muslim, kutoka kwa Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa), kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikataza kuswali chakula kikiwa kimeshaletwa, au mtu akiwa anapambana na haja kubwa au ndogo. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imaam Shaafi'iy, ambayo ndiyo yaliyoenea visiwani kwetu, wamesema kuswali katika hali hiyo ni makruhu maadamu wakati wa Swalah ni mpana, na wakaihesabu haja hiyo kuwa udhuru wa kuiacha jamaa. Sababu waliyoitaja ni moja: moyo hauwezi kuhudhuria.

Wakaenda mbele zaidi. Hadiyth imemkataza kadhi asihukumu akiwa na hasira. Wanavyuoni wakapima juu yake kila kinachoivuruga akili, kama njaa kali, kiu na kuzuiwa na haja. Basi ikiwa mtu mzima aliyesoma hatakiwi kutoa hukumu akiwa amebanwa, vipi tutamtaka mtoto wa miaka 7 ahifadhi sura au afanye hesabu za kutoa katika hali hiyo hiyo? Kumkalisha kwa ajili ya somo ni kumkosesha somo lenyewe.

Kisa cha bedui msikitini

Anas bin Maalik (Radhwiya Allaahu 'anhu) amesimulia kisa mashuhuri kilichopo kwa Al-Bukhaariy na Muslim. Bedui aliingia Msikiti wa Mtume akakojoa humo. Swahaba wakataka kumkabili, lakini Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akawazuia wasimkatize. Alipomaliza, akaamrisha ndoo ya maji ikamwagwa mahali pale. Katika mapokezi ya Muslim, alimwita kisha akamfahamisha kwa upole kwamba misikiti haikujengwa kwa ajili hiyo.

Tutazame mpangilio wake: kwanza hakuzidishiwa madhara, pili najisi ilisafishwa, tatu akafundishwa. Yule alikuwa mtu mzima, na ndani ya Msikiti. Mtoto aliyejikojolea kwenye busati la madrasa ana haki zaidi ya upole huo, kwani hata kalamu haijaanza kumwandikia.

Kwa hiyo likitokea, mwalimu asipige kelele wala asimsimamishe mbele ya wenzake. Amtoe kwa utulivu, misahafu na juzuu ziondolewe karibu, na watoto wapewe kazi ya kufanya. Mkojo ukaushwe kwanza kwa kitambaa, kisha maji yamwagwe juu yake yaenee mahali pote palipopatwa. Nguo ya mtoto ioshwe. Ile ruhusa ya kunyunyiza maji tu ni kwa mtoto mchanga wa kiume ambaye hajala chochote isipokuwa maziwa, na mtoto wa skuli hayumo. Wanaomcheka wakumbushwe Suwrat Al-Hujuraat, Aayah ya 11, inayokataza watu kudharauliana. Ni vizuri madrasa iwe na kanga moja na suruali moja safi za akiba.

Vipi kuhusu udhu na Qur-aan?

Wapo maustadhi wanaochelea kumtoa mtoto kwa kuwa udhu wake utatenguka, na kumrudisha atawadhe ni kupoteza muda. Katika madhehebu ya Shaafi'iy jambo hili limeshapewa wepesi: mtoto mwenye kupambanua hazuiwi kushika msahafu au ubao wake kwa ajili ya kujifunza hata kama hana udhu, kwa sababu ya uzito wa kumlazimisha kila mara. Kumzoesha kutawadha ni jambo jema, lakini udhu usifanywe sababu ya kumzuia haja yake. Lililo muhimu ni astanji vizuri, aoshe mikono kwa sabuni, na juzuu aiache darasani asiingie nayo chooni.

Utaratibu unaofaa darasani

Hofu ya mwalimu ni ya kweli, na dawa yake ni mpango. Tunapendekeza haya:

1. Watoto waende kabla ya kuhitaji. Wakumbushwe wanapofika, wakati wa mapumziko na kabla ya kipindi kirefu. Wanaume na wanawake waende mbalimbali.

2. Mapumziko yasichukuliwe kuwa adhabu. Mtoto aliyezuiwa kutoka nje wakati wa mapumziko amezuiwa pia choo na maji ya kunywa.

3. Pawe na ishara ya kimya, kwa mfano kunyanyua vidole viwili. Mwalimu aitikie kwa kichwa. Mtoto asilazimishwe kutangaza haja yake mbele ya wenzake, kwani haya ni katika imani.

4. Vibao viwili vitundikwe mlangoni, kimoja cha wavulana na kimoja cha wasichana. Anayetoka anachukua, anayerudi anatundika. Hivyo mwalimu anajua nani yuko nje bila ya kukatiza somo. Lakini anayesema hawezi kungoja, aruhusiwe hata kama kibao kimechukuliwa.

5. Wadogo kabisa, au ikiwa choo kiko mbali, watoke wawili wawili kwa usalama wao.

6. Anayetoka mara kwa mara katika somo hilo hilo, aitwe pembeni aulizwe kwa upole. Huenda somo limemshinda, huenda kuna anayemwonea, au huenda ni mgonjwa. Wachache wanaocheza wasiwe sababu ya kuwafungia wote.

Je, mwalimu anayekataa anapata dhambi? Anayemwambia mtoto angoje dakika chache amalizie sentensi, huku akimtazama, hana lawama. Ama anayemzuia akijua kwamba mtoto amebanwa, au akafanya hivyo kuwa adhabu, huyo anamdhuru, na kudhuru kumekatazwa. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa alichokichunga.

Choo chenyewe kikoje?

Mara nyengine ruhusa ipo, lakini choo hakiingiliki. Hakuna maji, mlango hauna komeo, sakafu imejaa uchafu. Mtoto wa kike hasa huona bora ajizuie. Wasichana wa madarasa ya juu wanapoanza kupata hedhi, wanahitaji pia faragha, maji na chombo cha kutupia taka, na wengine hukosa masomo siku hizo kwa kukosa hayo tu. Wazazi, tunapokwenda mkutanoni skuli au madrasa, tuombe kukiona choo kabla ya kuuliza matokeo. Komeo, ndoo yenye kopo na kipande cha sabuni ni vitu vya bei ndogo, na anayevitoa kwa ajili ya twahara ya watoto wa Kiislamu tunamtarajia malipo makubwa kwa Mola wake.

Ipo sababu nyengine inayotuhusu sisi wa visiwani. Kichocho kinajulikana Unguja na Pemba. Mayai yake hutoka na mkojo wa mgonjwa, na ukiingia katika mito na madimbwi hupitia kwa konokono kisha huwarudia watoto wanaooga humo. Skuli yenye choo safi kinachotumika inapunguza mkojo unaofika majini.

Wajibu wetu nyumbani

Mtoto afundishwe kabla ya kuanza skuli kufungua na kufunga nguo yake mwenyewe, kustanji kwa mkono wa kushoto, kuingia kwa mguu wa kushoto na dua, na kutoka kwa mguu wa kulia. Sare isiwe na mkanda asioweza kuufungua. Aende chooni kabla ya kutoka nyumbani, na tusimwambie kamwe apunguze kunywa maji. Afundishwe pia maneno ya adabu: "Maalim, naomba ruhusa."

Mtoto mwenye maradhi, mzazi azungumze na mwalimu faraghani. Na apelekwe hospitali bila ya kuchelewa akiona maumivu au mwako wakati wa kukojoa, homa pamoja na maumivu ya tumbo la chini, au damu katika mkojo. Vilevile akiwa na kiu isiyokwisha, akienda haja kila mara na huku anakonda, kwani hizo ni dalili za kisukari, nacho huwapata watoto pia.

Ikiwa mtoto amekataliwa ruhusa, mzazi asianze kwa kumsema mwalimu mbele ya mtoto au mitaani. Amwendee, amsikilize, kisha amuombe. Akishindwa, aende kwa mwalimu mkuu au kamati ya skuli. Mtoto anajifunza dini kwa anayoyaona kuliko anayoyahifadhi, na upole wa watu wazima wawili wanaozungumza kuhusu haja yake ni somo litakalobaki naye.

Tunamuomba Allaah Awalipe kheri walimu na maustadhi wetu, na Awajaalie watoto wetu kuwa wenye kujitwaharisha.

Na Allaah Anajua zaidi.