Kioo cha Upande wa Utingo

Ndugu msomaji, ikiwa umepata kwenda kununua ndizi au viazi katika soko la Tengeru siku ya Jumamosi, bila shaka umeona jinsi malori yanavyoingia kinyumenyume katikati ya watu. Dereva amekaa juu kabisani kwake, mkono mmoja umeshika usukani. Nyuma yake, chini vumbini, kijana aliyevaa kandambili anapiga bodi la lori kwa kiganja na kuita, "Njoo! Njoo! Kata kushoto! Njoo... hapo hapo!" Kijana huyo ni utingo. Mshahara wake ni mdogo, lakini kwa muda ule yeye ndiye macho ya tani kumi za mzigo.

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alikuwa amesimama sokoni hapo, lori la ndizi likirudi nyuma, naye utingo alikuwa amekwenda kunywa chai. Binti wa miaka saba hivi aliinama karibu na gurudumu la nyuma la kushoto kuokota parachichi zilizomporomoka mama yake. Mama mmoja mwuza nyanya aliliona jambo hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, akalipiga bodi la lori kwa kigoda alichokuwa amekikalia. Lori likasimama. Binti yule aliondoka na parachichi zake, hata hakujua kilichotokea. Dereva alishuka, akazunguka mbele ya lori hadi upande wa kushoto, akakitazama kioo chake cha pembeni kilichokuwa kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Kilikuwa kimeinuka na kuangalia juu. Kutoka kwenye kiti chake, dereva yule alikuwa akiona mbingu na kilele cha Mlima Meru.

Wengi wetu tuliokuwepo tulimlaumu utingo kwa chai yake. Mwandishi naye alilaumu hivyo hivyo, na ilimchukua muda kutambua kwamba lawama ile haikuwa mahali pake. Swali lililofaa kuulizwa lilikuwa hili: kwa nini kioo kiliangalia mlimani?

Hapa kwetu magari hupita upande wa kushoto wa barabara, nao usukani uko kulia. Kwa hiyo upande wa kushoto wa lori ndio unaopakana na waendao kwa miguu: wanafunzi, akina mama wenye vikapu kichwani, baiskeli, mkokoteni, na siku hizi pikipiki zinazojipenyeza popote. Upande huohuo ndio ulio mbali na macho ya dereva. Kioo cha kulia anaweza kukigusa kwa kutoa mkono dirishani. Cha kushoto hakifikii. Kila kinapopinda, sharti mtu ashuke akirekebishe, na mwingine akae kwenye kiti kumwambia, "Bado, bado, rudisha kidogo." Kazi hiyo huchosha. Aghalabu huachwa.

Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, ukikalishe mezani wima, umwonyeshe mwanao jambo hili. Kioo kikipinda nyuzi 1 tu, taswira huhama nyuzi 2. Ndiyo kanuni ya mwanga kugonga na kurudi. Kwa lori lenye urefu wa mita 10, nyuzi hiyo moja huhamisha kinachoonekana penye pembe ya nyuma kwa sentimita 35. Huo ni zaidi ya upana wa mabega ya mtoto wa darasa la kwanza. Nyuzi 1 ni mpindo ambao jicho halitambui, nao hupatikana kwa kugongwa na jani la mgomba, au kwa kutikiswa na barabara ya mawe.

Sasa tuutazame upana wa kinachoonekana. Tuseme vioo vyote viwili ni bapa, kila kimoja kina upana wa sentimita 20. Cha kulia kiko sentimita 80 kutoka jicho la dereva. Kwa umbali wa mita 10 nyuma, kitamwonyesha eneo lenye upana wa mita 2.7. Cha kushoto kiko mita 2 kutoka jicho lake, nacho kitamwonyesha mita 1.2 tu. Ili vioo viwili vionyeshe sawa, kile cha kushoto kingepaswa kuwa na upana wa sentimita 45, mfano wa mlango wa kabati la vyombo. Kioo kilekile, fremu ileile, bei ileile dukani. Lakini upande wenye watoto wengi ndio upewao uoni mdogo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kioo cha gari, tangu mwanzo wake, kina ukoo na utingo. Mwaka 1909 mwanamke dereva wa Uingereza aliyeitwa Dorothy Levitt aliandika kitabu cha kuwashauri wanawake wenzake juu ya kuendesha motokaa, akawaambia wachukue kioo cha mkononi, wakiinue mara kwa mara kutazama wanaokuja nyuma. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Mei 1911, yalifanyika mashindano ya kwanza ya maili 500 huko Indianapolis, Marekani. Kila gari lilikuwa na dereva na fundi wa kukaa naye, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kutazama nyuma. Ray Harroun aliingia peke yake. Wenzake walipolalamika kwamba ni hatari, alifunga kioo mbele yake juu ya vyuma vinne, akashindana na akashinda. Wengi huishia hapo wanaposimulia kisa hiki. Lakini Harroun mwenyewe alikiri baadaye kwamba uwanja ulikuwa wa matofali, na kioo kilitikisika mno hata hakuona kitu chochote ndani yake.

Hilo la kutikisika ndilo gumu kuliko yote. Mkono wa chuma unaoshika kioo ukiongezwa urefu maradufu, hulegea mara nane. Ndiyo sababu kioo kilichochomelewa kwenye kipande kimoja cha bomba refu hutetemeka kama jani hata lori likiwa limesimama na injini inanguruma. Dawa yake si chuma kinene, kwa maana chuma kinene huongeza uzito unaotikisika. Dawa ni kukishika kioo juu na chini, kwa mikono miwili iliyoungana mfano wa herufi C, kisha kuongeza mguu wa tatu unaokwenda mshazari hadi penye mlango, ili pembetatu ipatikane. Fundi yeyote aliyepata kuezeka paa anajua kwa nini kenchi ina pembetatu.

Arusha ni mji wenye watu wa kubuni zana. Hapa ndipo kilipo Chuo cha Ufundi Arusha kilichoanza mwaka 1978, na Shirika la TEMDO la kubuni mitambo lililoundwa mwaka 1980, na Kituo cha CAMARTEC cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1981 na ambacho mitambo yake ya gesi ya samadi ilipata sifa. Tena kuna magereji ya Unga Limited, ambako vijana hufufua malori ambayo ungedhani yamekwisha. Kioo tunachokizungumzia hakihitaji kiwanda. Kinahitaji bomba la maji, mashine ya kuchomelea, tupa, na fundi mwenye subira ya kupima.

Mikono miwili ya bomba isichomelewe moja kwa moja mlangoni. Izungushwe kwenye bawaba mbili zilizo kwenye mstari mmoja wima, kama mlango wa nyumba, ili tawi la mkahawa au nguzo ya geti ikikigonga kioo, mkono mzima ulale nyuma badala ya kuvunjika. Kwenye bawaba ya chini iwekwe gololi inayosukumwa na springi, iingie katika pengo lililokwanguliwa kwa tupa. Mkono ukilala, gololi hutoka katika pengo. Ukirudishwa, huingia mlemle kwa mlio unaosikika. Hapo kioo kimerudi palepale kilipokuwa, wala hapana haja ya mtu kukaa kwenye kiti na mwingine kusema "bado, bado".

Kioo chenyewe kishikwe kwenye mkono kwa kibano chenye boliti mbili: moja kwa ajili ya kuinamisha juu na chini, nyingine kwa ajili ya kugeuza ndani na nje. Baina ya chuma na chuma pawekwe washa iliyokatwa katika tairi kuukuu. Mpira huo hufanya kazi mbili. Hunyonya mtikisiko, na hukifanya kioo kigeuke kwa mkono bila spana huku kikikataa kugeuka chenyewe. Nati ziwe mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine. Nati moja pekee italegea kabla ya kufika Namanga.

Kwa nini tunasisitiza kioo kinachorekebishika, wakati kilichokazwa kabisa ni imara zaidi? Kwa sababu lori zetu hazina dereva mmoja. Leo anaendesha mtu mrefu, kesho anashika deiwaka mfupi, na macho yao hayako mahali pamoja. Tena mzigo hubadilika: leo ni saruji iliyolala chini, kesho ni lumbesa za vitunguu zilizotokeza nje ya bodi zikaziba kila kitu. Mkono wa kioo uwe bomba dogo ndani ya bomba kubwa, uvutwe nje mzigo unapozidi. Hapo tahadhari inatakiwa. Kanuni namba 46 ya Umoja wa Mataifa inakataza kioo kilicho chini ya mita 2 kutoka ardhini kisitokeze zaidi ya sentimita 25 nje ya upana wa gari, na sababu yake mtu yeyote aliyepata kutembea kando ya barabara ya Moshi na beseni kichwani ataielewa.

Wako waliomshauri mwandishi kwamba kioo cha kushoto kivutwe kwa waya wa breki ya baiskeli kutoka kwenye kiti cha dereva. Ni wazo la werevu, na kwa lami huenda likafaa. Lakini vumbi la Meru ni jivu la volkano. Likiingia katika ganda la waya kwa msimu mmoja wa kiangazi, waya hukwama. Jambo rahisi zaidi ni alama. Dereva na utingo wakae asubuhi moja, wakiweke kioo sawasawa kwa dereva wa kwanza, kisha wakwangue kwa tupa mkwaruzo mmoja unaopita juu ya kibano na bomba. Wafanye vivyo hivyo kwa dereva wa pili, na kwa lori lenye tela. Kuanzia siku hiyo, utingo anaweza kukirudisha kioo peke yake, hata gizani, kwa kupapasa kwa kidole.

Limebaki suala la kioo chenyewe. Kioo chenye tumbo la nje, ambacho wanafizikia hukiita kioo mbinuko, huonyesha eneo kubwa. Kikiwa kimeumbwa kwa nusu kipenyo cha mita 1.2, sentimita zilezile 20 za upande wa kushoto zitaonyesha mita 4 na nusu badala ya mita 1.2. Faida hiyo ina gharama yake. Pikipiki iliyo mita 10 nyuma ya kioo itaonekana ndogo kana kwamba iko mita 45 mbali, na dereva asiyezoea atadhani ana nafasi ya kutosha. Kwa hiyo upande wa kushoto viwekwe viwili: bapa juu, cha kupimia umbali, mbinuko chini yake, cha kujulisha kwamba pana mtu. Kioo mbinuko hupatikana kwa wauza vipuri vilivyotumika, nawe uchunguze kama hakina namba ya gari la mwenzio iliyochorwa pembeni. Ukitumia kioo cha kawaida cha nyumbani mahali pa bapa, kigandishwe chote juu ya bati, ili kikivunjika vipande vibaki vimeshikana wala visimwangukie mpita njia.

Ndugu msomaji, pengine wewe huna lori. Lakini huenda shemeji yako anaendesha, au kaka yako ni utingo, au lori la jirani hulala mbele ya nyumba yako kila Jumapili. Mwombeni mwenye nalo mfanye jaribio hili pamoja. Injini izimwe, na ufunguo akabidhiwe mama. Dereva akae kwenye kiti chake. Mtu mzima mmoja achukue ndoo tupu, ambayo kimo chake ni kama cha mtoto aliyechutama, aisogeze polepole kando ya ubavu wa kushoto na nyuma ya lori. Kila ndoo inapotoweka kiooni dereva apige honi, na hapo pamwagwe jivu kidogo la jikoni. Mkimaliza kuzunguka, unganisheni majivu hayo kuwa mstari.

Kisha waiteni watoto wote wa nyumba hiyo na wa majirani wasimame ndani ya mstari, wasogeleane, nanyi mmuulize dereva anawaona wangapi.