Mnyama Mwenye Mdomo wa Bata

Sote tulifundishwa darasani kwamba mnyama huzaa na ndege hutaga. Basi yuko mnyama mmoja wa Australia, aitwaye platipasi, asiyeijali kanuni hiyo. Hutaga mayai, kisha watoto wakianguliwa huwanyonyesha. Ana manyoya mazito kama ya fisi maji, mdomo kama wa bata, na mkia mpana kama kafi.

Ngozi yake ilipofika Uingereza, mtaalamu George Shaw aliandika habari zake mwaka 1799, lakini alikiri kwamba alishuku hila, kana kwamba mtu amebandika mdomo wa bata juu ya mnyama mwingine. Habari ya mayai ilileta ubishi zaidi. Wenyeji wa Australia waliijua na waliisema, wasisadikiwe, mpaka mwaka 1884 William Caldwell alipoliona yai kwa macho yake kule Queensland. Yote hayo, na jibu lilikuwapo kwa watu wa mtoni!

Makao yake ni mito na vijito vya maji matamu, mashariki ya Australia na katika kisiwa cha Tasmania. Mchana hulala katika shimo alilolichimba ukingoni. Jioni hutoka kuwinda wadudu, kamba na minyoo. Akizama hufumba macho, masikio na pua. Ataonaje, basi? Ule mdomo ni laini, nao una vipokezi kama 40,000 vinavyotambua umeme mdogo utokao katika misuli ya kiumbe anayetikisika. Hata maji yakiwa tope, kamba hana pa kujificha.

Dume ana mwiba wa sumu katika kila mguu wa nyuma, mfano wa kipi cha jogoo. Haumwui mtu, lakini maumivu yake ni makali, na dawa za kawaida hazifui dafu. Jike kwa kawaida hutaga mayai mawili, akayaatamia siku kumi hivi. Hana chuchu: maziwa hutoka katika ngozi, watoto wakayalamba.

Mabwawa, ukame na kukatwa kwa miti ya kingoni vimempunguza. Mitego ya kamba nayo humnasa, naye hawezi kukaa chini ya maji muda mrefu, akafa maji. Katika mto Hacking, kusini ya Sydney, alikuwa haonekani tangu miaka ya 1970. Mwaka 2023 walirudishwa kumi, na mwaka 2024 akapatikana mtoto aliyezaliwa humo humo. Au tuseme, aliyeanguliwa.