Chuma cha Perseus na Roketi ya Ngomeni

Mnunuzi mzoefu wa Biashara Street, Mombasa, haamui rangi ya leso akiwa ndani ya duka. Huikunjua, akaisogeza mlangoni penye jua, akatazama upya pindo na mji, ndipo bei ianze kuzungumzwa. Yuko sahihi kabisa. Nyekundu iliyopendeza chini ya taa yaweza kuelekea kahawia ikifika barabarani, kwa sababu mwanga wa taa za mabomba marefu si sawa na mwanga wa jua, ingawa macho huona yote meupe. Anayetaka ushahidi achukue diski ya zamani ya muziki, asimame chini ya taa hiyo, augeuzegeuze upande unaong'aa. Hataona upinde kamili wa mvua. Ataona mistari iliyoachana: kijani kikali, zambarau pembeni, na vipande vya rangi nyingine. Kijani kile na zambarau ile vinatoka kwa zebaki iliyomo ndani ya bomba. Hakuna aliyelivunja bomba wala kulipeleka maabara. Zebaki imejitaja yenyewe kwa mwanga wake.

Mwanga uliotandazwa hivyo, rangi moja baada ya nyingine, ndio huitwa spektra, na karibu yote tunayoyajua kuhusu maisha ya galaksi yametokana nayo. Mwaka 1814 fundi wa vioo wa Bavaria, Joseph von Fraunhofer, alitandaza mwanga wa Jua akakuta mistari myeusi zaidi ya 500, kila mmoja mahali pake. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba mistari hiyo ni alama za kalsiamu, sodiamu, chuma, hidrojeni na elementi nyingine. Mwaka 1925 Cecilia Payne aliisoma mistari ya nyota na kuonyesha kwamba nyota ni hidrojeni kwa sehemu kubwa mno, jambo ambalo wakubwa wa taaluma yake walilikataa kwanza.

Nyota moja ni rahisi. Galaksi iliyo mbali ina nyota mabilioni, na hakuna darubini inayoweza kuzitenga. Mwanga wao wote unafika umechanganyika kwenye doa moja. Tunawezaje basi kujua nyota hizo zilizaliwa lini, kwa mkupuo mmoja au kidogo kidogo, na zimefanywa kwa nini?

Tuanze na Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wa pwani wamekitumia vizazi na vizazi kupimia msimu. Nyota za Kilimia zilizaliwa pamoja, yapata miaka milioni 100 iliyopita, dinosaria wakiwa bado wanatembea duniani. Zinazoonekana kwa macho ni nyeupe zenye kuelekea buluu, kwa kuwa ndizo nzito na zenye joto kali. Lakini nyota nzito haina maisha marefu. Yenye uzito wa Jua letu mara 10 hung'aa kuliko Jua mara maelfu kadhaa, na huteketea ndani ya miaka milioni 20 au 30 hivi. Jua lenyewe lina uhai wa miaka bilioni 10. Nyota ndogo nyekundu, ambazo ndizo nyingi kuliko zote, zitaendelea kuwaka muda mrefu zaidi ya umri wa ulimwengu ulivyo sasa, na hakuna hata moja tunayoweza kuiona kwa macho matupu. Kwa hiyo kundi changa la nyota hutoa mwanga wa buluu. Likizeeka, zile za buluu hufa kwanza, na mwanga wa jumla huelekea manjano, kisha wekundu.

Hapa pana mtego, na kila anayeshika kazi hii hupambana nao. Wachache wanaong'aa sana huwafunika walio wengi. Galaksi kongwe ikizaa nyota kidogo tu leo, zile changa zitatawala upande wa buluu wa spektra, na kizazi kizima cha mabilioni kitaonekana kama hakipo. Mwanga hauhesabu vichwa.

Aliyeonyesha namna ya kulipigia hesabu jambo hili ni Beatrice Tinsley, na nasikitika kwamba jina lake halijulikani kwetu. Alizaliwa Chester, Uingereza, mwaka 1941, akalelewa New Zealand. Katikati ya miaka ya 1960 aliishi Dallas na kusafiri hadi Austin, zaidi ya kilomita 300, kusomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Texas. Wakati huo wanaastronomia wakubwa walizitumia galaksi kupimia umbali na hatima ya ulimwengu, wakichukulia kwamba mng'ao wake haubadiliki sana kwa miaka mabilioni. Tinsley aliunda galaksi kwa hesabu. Alianza na mgawanyo wa nyota kwa uzito zinapozaliwa, ambao Edwin Salpeter alikuwa ameukadiria mwaka 1955: nzito chache, nyepesi tele. Akaziacha zizeeke, zife, zirudishe gesi yao, nyota mpya zizaliwe ndani ya gesi hiyo, na kila hatua akajumlisha mwanga wote. Jibu lilikuwa kwamba galaksi hubadilika, tena kwa kiasi cha kuvuruga vipimo vilivyozitegemea. Alihamia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1975, akawa profesa mwaka 1978. Saratani ya ngozi ilimuua mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 40. Vielelezo vya kompyuta vinavyotumika leo kusoma spektra za galaksi vimejengwa juu ya njia aliyoifungua.

Njia hiyo ina ugumu wake. Galaksi nyekundu yaweza kuwa kongwe. Yaweza kuwa changa kiasi lakini nyota zake zina chuma na metali nyingi. Au yaweza kuwa imejaa vumbi linalomeza buluu. Rangi peke yake haiwezi kuamua kati ya hayo matatu. Ndiyo sababu mistari hurudi kazini. Mistari ya hidrojeni husema zaidi juu ya umri. Ya magnesiamu na chuma husema juu ya viambato, na metali hizi mbili zikilinganishwa huwa saa. Magnesiamu hutawanywa na nyota nzito zinapolipuka, yaani mapema, ndani ya makumi machache ya mamilioni ya miaka. Chuma kingi hutoka kwa milipuko ya mabaki ya nyota ndogo, ambayo yaweza kuchelewa miaka bilioni moja au zaidi. Galaksi kubwa za umbo la yai zina magnesiamu nyingi kulinganisha na chuma: zilimaliza kuzaa nyota zake upesi, kabla chuma hakijapata nafasi ya kuchanganyika na gesi. Kwangu mimi hakuna hoja nzuri kuliko hii katika fani nzima.

Na chuma hicho kina sura moja iliyoandikwa kwetu. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la San Marco ndani ya bahari na kurusha setilaiti kutoka hapo kuanzia mwaka 1967. Eneo la karibu na ikweta lilifaa kwa sababu dunia yenyewe huisukuma roketi, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi inayosumbua vipimo. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, iliruka setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani. Ikapewa jina Uhuru. Iligundua kwamba makundi makubwa ya galaksi yanatoa eksirei kwa wingi, na ilielekea kwamba chanzo ni gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi iliyojaa baina ya galaksi hizo.

Gesi hiyo ilitoka wapi? Wengine waliona yaweza kuwa gesi ya mwanzo wa ulimwengu, hidrojeni na heliamu ambayo haijawahi kuingia ndani ya nyota yoyote. Tarehe 15 Oktoba 1974 iliruka Ariel V, setilaiti ya Uingereza juu ya roketi ya Marekani kutoka jukwaa la Waitaliano katika maji ya Kenya. Kifaa chake kimoja kilipima spektra ya eksirei za kundi la Perseus, lililo umbali wa miaka ya nuru milioni 240 hivi. Mwaka 1976 wanasayansi wake walitangaza kuona mstari wa chuma. Chuma hakikuwepo ulimwengu ulipoanza; hupikwa na nyota. Kwa hiyo gesi iliyoko nje ya galaksi, ambayo kwa uzito huzishinda nyota zote za kundi zima, imechanganyika na majivu ya nyota zilizokwisha kufa. Galaksi hazifichi zilichopika, hukimwaga nje. Tangu hapo kielelezo chochote cha maisha ya galaksi hulazimika kueleza chuma kile kilitengenezwa lini na kilitokaje.

Aghalabu tunapoitaja San Marco twazungumzia mikataba na ada, na hayo yana haki yake. Lakini ugunduzi huu ni wa kiwango cha juu kabisa, uliondoka pwani hii, na ni nadra mtoto wa Mombasa kufundishwa.

Mlango haujafungwa. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imeleta spektra ya galaksi JADES-GS-z14-0 kama ilivyokuwa miaka milioni 290 hivi baada ya mwanzo wa ulimwengu, na mwaka 2025 darubini za ALMA nchini Chile zikathibitisha kwamba tayari ilikuwa na oksijeni. Nyota nzito zilikuwa zimekwisha kuishi na kufa kabla ya hapo, mapema kuliko vielelezo vingi vilivyotarajia, na sasa vielelezo hivyo vinarekebishwa. Karibu nasi, mwanaastronomia Mirjana Pović amefundisha utafiti wa galaksi Ethiopia kwa miaka, na Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, kina wanafunzi wa fani hii. Spektra za mamilioni ya galaksi kutoka mradi wa Sloan ziko wazi kwenye intaneti bila malipo, na programu za kujenga vielelezo vile vile. Mwanafunzi wa chuo kule Tudor, Mombasa, anaweza kupakua spektra za galaksi kubwa za kundi la Coma, apime magnesiamu dhidi ya chuma, na aone mwenyewe jinsi zilivyomaliza ujana wao haraka. Kinachotakiwa ni kompyuta ya kawaida, hesabu za mwaka wa kwanza, na mhadhiri mmoja aliye tayari kusimamia.